Mtaji Wenye Tarehe ya Kuondoka

Wananchi wa Tangini wanaijua historia ya Shirika la Elimu Kibaha. Mwaka 1963 Denmark, Ufini, Norwei na Uswidi zilianzisha hapa, pamoja na Tanganyika, mradi wa shule, afya na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania. Wafadhili waliondoka, mali ikabaki kwa umma.

Siku hizi kuna mtaji mwingine ambao nao huja ukiwa na tarehe ya kuondoka: mifuko ya mitaji binafsi. Je, mifuko hii hufanyaje kazi?

Meneja hukusanya fedha za mifuko ya pensheni, matajiri na mashirika ya serikali za nje, kisha hununua hisa za makampuni yanayokua katika nchi kadhaa. Huu si mkopo. Hauna riba wala rehani. Mwenye fedha anakuwa mmiliki na kuketi katika bodi. Lakini mfuko wenyewe kwa kawaida huishi miaka 10 tu, hivyo hisa hizo lazima ziuzwe. Kwa desturi meneja hupata asilimia 2 ya fedha kila mwaka, na asilimia 20 ya faida. Basi faida kubwa hutafutwa katika bei ya kuuzia.

Tuchukue mfano. Norwei, ile ile ya Kibaha, iliunda shirika la Norfund mwaka 1997. Mwaka 2001 Norfund na CDC ya Uingereza zilianzisha Aureos, iliyowekeza katika makampuni ya kati, Afrika Mashariki ikiwemo. Mwaka 2012 Aureos ikanunuliwa na Abraaj ya Dubai. Mwaka 2017 Abraaj ikainunua Java House, mikahawa iliyoanzia Nairobi mwaka 1999, kutoka kwa mfuko mwingine ulioingia mwaka 2012. Mwaka 2018 Abraaj ikaanguka, baada ya wawekezaji kuhoji matumizi ya fedha zao, na Java House ikaangukia mikononi mwa Actis. Mhudumu alimimina kahawa ile ile. Waliokuwa na kauli juu ya kazi yake walibadilika bila yeye kuulizwa.

Je, tuukatae mtaji huu? La. Kampuni isiyo na rehani hunyimwa mkopo na benki, na mifuko hii huleta pia nidhamu ya mahesabu. Kosa ni kushangilia anapoingia mwekezaji bila kuuliza atatokaje. Maswali ni matatu. Kwanza, je, wafanyakazi na wakulima wanaouza malighafi watapewa nafasi ya kununua hisa? Pili, je, hisa zitapelekwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, ili wananchi wanunue? Tatu, je, ahadi za ajira zitamfunga pia mnunuzi anayefuata?

Maswali hayo huulizwa kabla ya mkataba kutiwa saini. Mwenye hisa akishauza, hana tena sababu ya kuyajibu.