Migongano ya Ioni na Umri wa Pango la Kuumbi

Kusini-mashariki mwa Unguja, karibu na Jambiani, lipo Pango la Kuumbi, ambamo Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba mwaka 2005, na ambamo mabaki yaliyofukuliwa, pamoja na mifupa ya punda milia, yanaonesha kuwa watu walikuwamo kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, wakati maji ya bahari yalikuwa yamepungua sana na kisiwa kilikuwa bado kimeungana na bara. Umri huo ni matokeo ya hesabu, na hesabu hiyo imejengwa juu ya migongano ya viini vya atomu.

Mgongano wa kwanza hutokea angani. Miale ya kosmiki, ambayo mingi ni protoni na michache ni viini vizito hadi vya chuma, huvunja viini vya atomu za hewa. Nyutroni zinazochomoka humezwa na naitrojeni, ambayo hutoa protoni na kugeuka kaboni-14. Mimea huivuta, wanyama huila, na kiumbe akishakufa nusu ya kaboni-14 iliyosalia ndani yake huoza kila baada ya miaka 5,730 hivi.

Kazi ngumu ni kuihesabu, kwa sababu hata katika kiumbe hai hupatikana takriban atomu moja ya kaboni-14 kati ya atomu trilioni moja za kaboni. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hutumika mtambo wa kuongezea chembe kasi: punje ya kaboni isiyozidi miligramu moja hupigwa kwa ioni (atomu zenye chaji ya umeme) za metali ya cesium, nazo ioni hasi za kaboni huruka, huku naitrojeni ikibaki nyuma kwa kuwa haiundi ioni hasi iliyo imara. Ioni hizo hupitishwa kwa kasi ndani ya gesi hafifu, ambamo migongano huzivua elektroni na kuvunja molekuli zinazolingana uzito na kaboni-14. Gesi ikipungua, molekuli za ulaghai hupenya. Ikizidi, ioni hutawanyika na kupotea. Ndiyo maana wanafizikia hukadiria uwezekano wa kila mgongano, kisha kompyuta hupitisha ioni nyingi za kubuni, moja baada ya nyingine, na matokeo hulinganishwa na vipimo halisi. Njia ya namna hiyo, kwa nishati kubwa mno, ndiyo inayotumika CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia ya chembe, ambako viini vya risasi vimekuwa vikigonganishwa vyenyewe kwa vyenyewe tangu 2010.

Hatua ya mwisho, ya kugeuza hesabu hiyo kuwa miaka ya kalenda, inaihusu Zanzibar kwa namna ya pekee. Kizio cha kusini cha dunia kina bahari kubwa zaidi inayobadilishana kaboni yake kongwe na hewa, hivyo sampuli zake huonekana kuwa na umri mkubwa kuliko za kaskazini kwa miongo kadhaa, na kila kizio kina jedwali lake la masahihisho. Unguja, iliyo nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hupokea hewa ya kaskazini wakati wa kaskazi na ya kusini wakati wa kusi, pepo zile zile zilizoleta majahazi Mji Mkongwe, kwa hiyo inafaa kuchanganya majedwali yote mawili. Kwa miaka 20,000 ya Kuumbi tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mji wa kale kama Unguja Ukuu inaweza kuhamisha tukio kwa kizazi kizima.

Majedwali hayo yalirekebishwa mara ya mwisho mwaka 2020 na yatarekebishwa tena. Kila tarehe ya mambo ya kale ya Zanzibar, iwe kitabuni au kwenye kibao cha makumbusho, ichapishwe pamoja na aina ya sampuli na jedwali lililotumika, ili wajao waweze kuihesabu upya.