POPO WA CHINI YA BATI NI YUPI?

Wakulima wengi wakisikia milio myembamba na mikwaruzo darini husema tu, "Ni popo," kisha hutafuta fimbo au moshi. Lakini popo ni wa aina nyingi, na kabla ya kumfukuza yafaa kujua ni yupi.

Popo si ndege, ni mnyama. Huzaa na kunyonyesha. Wale wakubwa wenye uso kama wa mbwa ndio wanaokula maembe na mapera, na kwa kawaida hulala mitini au mapangoni. Yule mdogo apenyaye chini ya bati ni mwingine kabisa. Uzito wake ni gramu 10 hivi, na mkia wake umechomoza nje ya ngozi ya mabawa kama mkia wa panya. Kwa alama hiyo wataalamu wamemweka katika jamii ya popo wenye mkia huru. Matunda yako hayagusi. Chakula chake ni wadudu.

Aliandikwa mara ya kwanza karne ya 19, kwa popo aliyepatikana Massawa, Eritrea. Vitabu vingi humwita Chaerephon pumilus, na vipya Mops pumilus. Ameenea sehemu kubwa ya Afrika kusini ya Sahara, na ng'ambo hadi Yemen. Popo wa mashariki ya Madagascar nao walihesabiwa kuwa yeye mpaka mwaka 2010, walipopewa jina lao. Kwa macho tu hawa hufanana mno.

Asili yake ni nyufa za miamba na miti, na bati kwake ni ufa wenye joto. Joto ambalo lingetutoa sisi nje, yeye hulivumilia. Basi paa za Kibera na Kawangware, Nairobi, ni makao ya namna anayoipenda, na nyumba zetu za skimu pia. Huko Eswatini, uchunguzi uliochapishwa 2012 ulionyesha kuwa hupenda kuwinda juu ya mashamba ya miwa.

Hata hivyo usimshike kwa mkono mtupu, maana popo aweza kuwa na ugonjwa. Mavi yake yaloweshe maji kabla ya kufagia, usivute vumbi lake.

Ukitaka ahame, ziba nafasi usiku wote wakiwa wametoka. Kama kuna watoto wasioweza kuruka, ngoja kwanza. Ukiwafungia watafia darini, na harufu utaivuta wewe.