Mwanamke na Uongozi wa Kijiji (2): Mlango Uko Kitongojini

Juma lililopita tulieleza mamlaka ya mkutano mkuu wa kijiji huku Tanzania Bara. Leo tuingie kwenye halmashauri ya kijiji, ambako wengi hudhani sheria ilikwisha kumaliza suala la wanawake.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, pamoja na marekebisho yake, inataka halmashauri iwe na wajumbe kati ya 15 na 25, wanawake wasipungue robo. Kijiji chenye wajumbe 20, basi, kikipata wanawake watano kimetimiza. Lakini hao watano wanaingilia wapi? Mwenyekiti wa kijiji anapigiwa kura. Wenyeviti wa vitongoji nao wanapigiwa kura, kisha wanakuwa wajumbe kwa nafasi zao. Nafasi hizi hazina mgawo wa jinsia. Vitongoji vyote vikienda kwa wanaume, hakuna kosa lililotendeka, kwani robo ya akina mama itajazwa na viti vilivyobaki.

Na kitongoji si kitu kidogo. Mwenyekiti wake ndiye anayejua nani mkazi na nani mgeni. Majirani wakigombana wanamwamsha yeye. Shamba likiuzwa, mara nyingi anaitwa ashuhudie. Mjane anayegombania mpaka na shemeji zake humkuta huyu kabla hajalifikia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu lazima wawe wanawake.

Kwa karatasi, masharti ya kugombea si magumu: umri wa miaka 21, ukazi, kujua kusoma na kuandika, udhamini wa chama. Chujio lenyewe ni hilo la mwisho. Kura za maoni hupangwa na watu wanaokutana jioni, saa ambazo mama yuko jikoni au kisimani, na akichukua fomu wazee huenda kuzungumza na mumewe, si naye.

Ajabu ni kwamba kijiji hichohicho kinamwamini. Nenda kwenye kikundi cha VICOBA: kasha la fedha lina kufuli tatu, na funguo wanazo akina mama watatu. Wanatunza akiba ya watu, wanatoza faini, wanamfuata mdaiwa sugu hadi mlangoni. Kama huo si uongozi, sijui uongozi ni nini. Chama kinachosema hakioni wanawake wenye uwezo hakijawatafuta huko.

Uchaguzi wa mwisho wa vitongoji, vijiji na mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, na muhula ni miaka mitano. Msomaji, mkutano mkuu ujao wa kijiji chako uliza wanawake wangapi wamo kwenye Kamati ya Fedha, Uchumi na Mipango, na uombe jibu liandikwe kwenye muhtasari. Juma lijalo: madiwani wa viti maalumu.