Ukindu, Mvua na Mwezi Mwandamo

Kazi za mikono za pwani ya Afrika ya Mashariki, hasa zile zinazotokana na majani ya miti ya jamii ya mitende, hutegemea majira kwa kiasi ambacho mnunuzi wa mjini hakitambui kwa urahisi, kwa kuwa mkeka ukishatandikwa sokoni hauelezi tena kama majani yake yalikaushwa na jua kali la kaskazi au yaliokolewa kwa moshi wa meko katikati ya masika. Mwaka wa msuka mikeka huendeshwa na kalenda kadhaa kwa wakati mmoja, nazo kalenda hizo hazipatani. Sehemu kubwa ya shida za biashara hii, ambazo kwa kawaida hulaumiwa uvivu wa wauzaji au uchache wa wateja, chanzo chake ni kutopatana huko.

Malighafi yenyewe ni ukindu, yaani majani ya mkindu, mti unaoota kwenye ardhi yenye unyevu, kandokando ya mito na mabonde. Kinachokatwa si jani lililokwisha kukunjuka, kwa sababu hilo limekuwa gumu na la kijani. Hukatwa lile changa la katikati ambalo bado limejifunga, nalo huanikwa juani hadi ligeuke jeupe. Mkataji mwenye busara huuachia mti nafasi ya kutoa jani jingine kabla ya kuurudia, maana mkindu unaokatwa moyo kila mara hudhoofika. Kwa kazi zisizohitaji ulaini, kama vile majamvi ya kutandika kwenye mikusanyiko, hutumika miyaa, majani ya mkoche, ambayo ni mapana na magumu zaidi.

Jani likikauka huchanwa kwa urefu kuwa chane, na chane zinazokusudiwa kutiwa rangi huchemshwa kwenye sufuria yenye rangi ya unga inayonunuliwa dukani. Manjano bado hupatikana kwa bizari, na wekundu wa kahawia hupatikana kwa magome ya mikoko, ingawa rangi za viwandani zimezisukuma kando njia hizo kwa kuwa hukolea haraka. Chane hulowanishwa kidogo zisikatike, kisha hufumwa kuwa ukili, yaani utepe mrefu mwembamba ambao mwanamke mzoefu huusuka huku akizungumza, akiangalia chungu jikoni au akibembeleza mtoto, bila kuutazama. Ukili huviringishwa kadiri unavyorefuka na huweza kuuzwa kwa pima, kipimo cha mikono miwili iliyonyooshwa, kwa mtu mwingine anayejua kushona. Mshonaji huziunganisha kili ubavu kwa ubavu kwa shazia, sindano kubwa ya kazi hiyo, akihakikisha kwamba mapambo ya utepe mmoja yanakutana na ya utepe wa pili. Mikeka, misala ya kuswalia, vikapu, mapepeo na makawa ya kufunikia chakula vyote huanzia kwenye ukili huo, na kosa lililofanywa wakati wa kusuka halirekebishiki wakati wa kushona.

Kalenda ya kwanza ni ya pepo na mvua. Kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ni majira ya joto na jua, na ndiyo inayofaa zaidi kwa kuanika. Masika ya Machi hadi Mei huleta unyevu unaozalisha kuvu, na ukindu ulioota kuvu hutokwa na madoa meusi ambayo hakuna rangi inayoyaficha. Baada yake huja kipupwe na upepo wa kusi, kisha mvua fupi za vuli kabla ya kaskazi kurudi. Wakazi wa pwani waliyapanga majira haya kwa mwaka wa jua unaoanza siku ya Mwaka, ambayo huko Makunduchi, Unguja, bado huadhimishwa kila Julai kwa sherehe za Mwaka Kogwa. Mwaka huo hugawanywa katika miongo, vipindi vya siku kumi kumi, ambavyo mkulima na baharia walivitumia kukadiria wakati wa kupanda na wa kusafiri. Msuka ukili hunufaika na hesabu iyo hiyo, kwani akijua masika yamebakiza miongo miwili hujiwekea akiba ya ukindu mkavu darini, mahali ambapo moshi wa jikoni huupitia.

Kalenda ya pili ni ya mwezi mwandamo, nayo ndiyo inayoleta wateja. Kabla ya Ramadhani watu hutafuta makawa ya kufunikia futari na misala mipya ya nyumbani na misikitini. Kabla ya Idi hutafuta kofia. Na katika Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, harusi zilizosubiri mfungo umalizike huhitaji mikeka. Mwaka wa mwezi, hata hivyo, ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo msimu wa mahitaji huzunguka majira yote na kurudi ulikoanzia baada ya miaka 33 hivi. Mwaka 2021, kwa mfano, Ramadhani iliangukia kati ya Aprili na Mei, ndani ya masika kamili, wakati ambapo wateja walikuwa wengi na ukindu haukaukiki. Bei ikipanda katika mwaka kama huo mnunuzi hudhani anaonewa, ilhali anacholipia ni akiba iliyowekwa miezi kadhaa nyuma.

Kofia za vito hazifungwi na mvua kwa namna hiyo. Hizi ni kofia za kitambaa cheupe zinazodariziwa kwa sindano na uzi, na mshonaji hukaa nazo ndani hata mvua ikinyesha wiki nzima. Kofia moja nzuri huweza kuchukua miezi, kwa vile kila tundu dogo la pambo huzungushiwa uzi kwa mkono; ikiisha hufuliwa, hutiwa wanga na kuvishwa kwenye faroma, kibao cha duara kinachoipa umbo. Soko lake linafika Oman, ambako kofia ya aina hii ni sehemu ya vazi la kitaifa, na uhusiano huo wa mavazi ni mmojawapo wa ushahidi ulio hai wa historia ndefu kati ya Zanzibar na nchi hiyo.

Kuna pia kalenda ya maji. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, na wengi wa wakulima wake ni wanawake walewale wanaosuka. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, wao huwa baharini. Yanapokuwa maji mafu hurudi kwenye ukili. Watalii nao, ambao hupungua sana wakati wa masika, huhesabika kama msimu mwingine, ingawa upendeleo wao wa vikapu vyenye mishikio ya ngozi umeanza kuvisukuma nyuma vitu kama kawa, ambavyo mgeni hana matumizi navyo.

Mikeka ya plastiki kutoka viwandani haina majira, na hapo ndipo inapoushinda ukindu, maana kwa uzuri haijaufikia. Kupigwa marufuku kwa mifuko ya plastiki, Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, kuliamsha matumaini kwamba kikapu kingerudi sokoni, lakini nafasi hiyo ilichukuliwa zaidi na mifuko myepesi ya kitambaa bandia, jambo ambalo lilitazamiwa, kwa kuwa kikapu cha siku kadhaa za kazi hakiwezi kushindana kwa bei na mfuko wa sekunde chache.

Kuanzia mwaka 2027 hadi takriban 2031 Ramadhani itakuwa ndani ya kaskazi, na wasukaji watapata jua na wateja kwa pamoja. Idi Kubwa, inayokuja siku 70 hivi baada ya Idi Ndogo, ndiyo itakayoangukia katika masika kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Anayetaka mkeka wa Idi hiyo, au wa harusi ya Mei, na aagize mwezi wa Februari, alipe sehemu ya fedha mapema ili ukindu ununuliwe ungali mkavu, na asidai kupunguziwa bei mvua zikishaanza.