Sampuli 25, Vipimo 15: Jiometri Inayookoa Vitendanishi

“Daktari, damu yangu ikichanganywa na ya wengine, majibu yatakuwa ya nani?” Swali hili la mgonjwa lastahili jibu kamili.

Mwaka 1943, Robert Dorfman wa Marekani alipendekeza damu ya watu walioitwa jeshini ichanganywe na kupimwa kaswende kwa pamoja. Mchanganyiko ukiwa safi, wote wamesalimika. Ukionyesha maambukizi, kila mmoja hupimwa upya. Vitendanishi huokolewa, lakini duru ya pili humchelewesha mgonjwa. Je, duru moja yaweza kutosha?

Jiometri hutusaidia. Katika bapa projektivu, kila nukta mbili huunganishwa na mstari mmoja tu. Bapa dogo kabisa lina nukta 7 na mistari 7. Nukta zikiwa sampuli na mistari ikiwa michanganyiko, hakuna sampuli mbili zitakazokutana zaidi ya mara moja. Hata hivyo, sampuli 7 zadai vipimo 7. Ukamilifu huo hauokoi chochote.

Kwa hiyo tunajenga muundo unaolikaribia bapa hilo. Panga sampuli 25 katika mraba wa safu mlalo 5 na safu wima 5. Changanya kila safu mlalo, kila safu wima na kila mshazari wa kuelekea upande mmoja. Mshazari ukifika ukingoni huendelea kutoka ukingo wa pili. Hupatikana michanganyiko 15. Kila sampuli imo katika mitatu, na sampuli mbili hukutana mara moja au hazikutani kabisa.

Tuseme walioambukizwa ni 2. Kila mmoja wao aweza kuharibu mchanganyiko mmoja tu kati ya mitatu ya mtu mzima wa afya. Angalau mmoja hubaki safi, nao humtoa shakani.

Walioambukizwa wakizidi 2, wote ambao michanganyiko yao mitatu imeonyesha maambukizi wapimwe mmoja mmoja. Aidha, kuchanganya huzimua vimelea. Maabara ithibitishe kwanza kwamba kipimo chake huitambua sampuli moja yenye vimelea miongoni mwa 5. Penye maambukizi mengi, njia hii haifai.

Wakati wa UVIKO-19, watafiti nchini Rwanda walitumia wazo la jamii hii, wakipanga sampuli kama ndani ya mchemraba na kuzichanganya kwa vipande. Kazi yao ilichapishwa mwaka 2021.

Basi, ewe mgonjwa, majibu ni yako. Sampuli yako ina mashahidi watatu, na hakuna mwenzako aliye nao wote watatu.