Mabwawa ya Majitaka: Jua Linavyosafisha Maji ya Mji Mdogo

Majitaka ni maji yaliyokwisha kutumika chooni, bafuni, jikoni na kwenye kufulia. Katika kila lita 1,000, takribani lita 999 ni maji matupu. Ila ndani ya kiasi kidogo kinachobaki ndimo walimo vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo, mayai ya minyoo, kinyesi, sabuni na mafuta ya kupikia.

Katika miji midogo ya Tanzania, mtandao wa mabomba ya majitaka ni nadra. Kila nyumba ina shimo lake, na likijaa huitwa gari la kunyonya majitaka. Gari lisipoweza kupita uchochoroni, au bei yake ikimshinda mwenye nyumba, wapo wanaosubiri mvua kubwa na kutapisha choo: hutoboa ukuta wa shimo, uchafu ukaenda na maji ya mvua. Aliye juu hupata nafuu, na wa bondeni huupokea kisimani.

Hata gari likifika, lazima liwe na mahali pa kumwaga. Kwa nchi za joto, njia rahisi kuiendesha ni mabwawa yanayofuatana kwenye mteremko, maji yakishuka yenyewe bila pampu wala umeme. Mzigo wa gari huwa mzito, kwa hiyo hutangulizwa kwenye vitanda vya mchanga vya kukaushia tope, na maji yanayochuruzika ndiyo yanayoingia bwawani. Yanayokuja kwa bomba hupita kwanza kwenye wavu wa nondo unaonasa matambara, mifuko ya plastiki na pedi.

Bwawa la kwanza lina kina cha mita 2 hadi 5. Maji yake ni ya kijivu kinachokaribia weusi, na mapovu ya gesi huibuka bila kukoma. Taka nzito huzama, na bakteria wasiohitaji hewa huzila huko chini. Maji hukaa humo siku chache tu.

Bwawa la pili ni pana na lina kina kifupi, kati ya mita 1 na 2. Rangi yake ni ya kijani kwa sababu ya mwani, yaani mimea midogo isiyoonekana mmoja mmoja kwa macho. Mchana mwani hutumia mwanga wa jua na kutoa oksijeni, na bakteria huitumia oksijeni hiyo kumalizia uchafu ulioyeyuka. Bwawa la tatu, lenye kina cha mita moja hivi, ni la kuua vimelea: jua hupenya vizuri, na mwani huyafanya maji yawe na ukali wa magadi ambao bakteria wa tumboni hawauwezi. Mayai ya minyoo huwa yamekwisha kuzama njiani.

Kabla ya kuachiwa mtoni, maji hupimwa. Kipimo kikuu ni oksijeni ambayo bakteria wangeihitaji kwa siku tano ili kula uchafu uliosalia. Kiwango cha Tanzania hakiruhusu zaidi ya miligramu 30 kwa lita. Kwa umwagiliaji, Shirika la Afya Duniani mwaka 1989 lilipendekeza lisizidi yai 1 la minyoo kwa lita. Maji haya yana naitrojeni na fosforasi, mbolea ambayo mkulima angeinunua dukani. Mabogini, karibu na Moshi, maji yatokayo kwenye mabwawa hutumika katika mashamba ya mpunga.

Gharama ya mabwawa ni ardhi nyingi na uangalizi. Nyasi zikiachwa ukingoni, mbu huzaliana. Tope lisipoondolewa kila baada ya miaka michache, bwawa la kwanza hujaa na harufu huanza. Kwa hiyo halmashauri inayotenga fedha za kuchimba mabwawa itenge pia fungu la mtu wa kuyatunza, mwenye reki, fyekeo, mabuti na mshahara unaofika kwa wakati.