Ukinunua baiskeli Bujumbura, anza na kadre

Mwezi huu tunaongea juu ya kitu ambacho familia nyingi za hapa kambini zinakitamani: baiskeli, au kinga kama wengi wetu tunavyosema. Hatusemi ile ya mashindano yenye vitesi vingi. Tunasema ile ya kawaida, ya gia moja, inayobeba maji, muhogo, mkaa na hata mgonjwa.

Tuanze na kosa letu wenyewe, ili wengine wasilirudie. Familia tatu za blok yetu ziliweka likelemba kwa muda mrefu. Pesa ilipotimia, sisi walimu wawili wa kujitolea tukatumwa Bujumbura, eti kwa sababu tumesoma. Tukaomba ruhusa ya kutoka, tukapanda gari, tukafika kwa muuzaji mmoja. Tukaona baiskeli nyeusi inang'aa, kiti kipya, kengele mpya. Tukauliza, "Bwana, hii iko nzima?" Akajibu, "Mwalimu, angalia mwenyewe, si unaona?" Tukaangalia rangi, tukalipa.

Wiki ya pili kijana mmoja alikuwa anashuka nayo kilima, gunia la maharage nyuma. Kadre ikafunguka pale karibu na usukani. Kijana akaanguka, akavunjika mkono. Tulipokwangua rangi tukakuta alama ya zamani ya kuchomelewa, imejazwa na kupakwa juu. Mama yake hakutugombeza. Alisema tu, "Walimu, mlinunua rangi." Neno lile lilituuma kuliko matusi.

KWA NINI KADRE?

Kadre, ambayo Watanzania wanaiita fremu, ndiyo mifupa ya baiskeli. Mpira ukiisha unabadilisha. Mnyororo ukikatika unaunga. Spoku, pedali, kiti, breki, vyote unanunua kimoja kimoja kadiri Mungu anavyokujalia. Lakini kadre ikiwa mbovu, kila kitu kizuri utakachofunga juu yake umekitupa. Ni afadhali kununua kadre nzima yenye sura mbaya kuliko baiskeli nzuri yenye mifupa iliyovunjika.

Kazi ya huku si ndogo. Fikirini barabara ya taifa namba 1, inayopanda kutoka Bujumbura kwenda Bugarama, kilomita zipatazo 35. Bujumbura iko kando ya ziwa Tanganyika kwenye mita kama 800. Bugarama iko juu zaidi ya mita 2,000. Vijana wanateremka pale na ndizi na mkaa kwa baiskeli za gia moja. Wakati wa kupanda, wengine hushika nyuma ya lori, na jambo hilo limeua watu, tusiliige. Ila mteremko ule unatufundisha kitu: mzigo wote, na kila unapofunga breki, nguvu inaingia kwenye kadre na foku.

NAMNA YA KUIPIMA

Tulikaa na fundi mmoja mzee, tukajifunza. Chukueni uzi mrefu, rula, sumaku na kitambaa. Sumaku mnaweza kuitoa kwenye spika ya redio iliyokufa.

1. Futa vumbi na mafuta, kisha angalia maungio yote. Anza nyuma ya shingo ya usukani, juu na chini ya bomba. Baiskeli iliyogonga mbele huacha uvimbe au mkunjo mahali pale, au rangi inapasuka kama uso wa matope yaliyokauka. Angalia pia chini panapoingia ekseli ya pedali, chini ya kiti, na pale gurudumu la nyuma linapofungwa. Ukiona mstari mwembamba wa kutu unaozunguka bomba, huo ni ufa. Acha.

2. Pitisha sumaku polepole kwenye mabomba. Chuma kitaishika. Mahali ambapo sumaku inalegea ghafla, chini ya rangi kuna masitiki iliyoficha bonde au shimo. Kama sumaku haishiki kadre nzima, hiyo ni alumini. Ni nyepesi, lakini ikipasuka si kila fundi wa barabarani anaweza kuichomelea. Chuma kinaungika karibu kila mahali penye umeme na fundi.

3. Pima kwa uzi. Funga uzi mahali pa gurudumu la nyuma upande wa kushoto, upeleke mbele uzunguke shingo ya usukani, uurudishe nyuma upande wa kulia, uuvute ukaze. Sasa pima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti, pande zote mbili. Vipimo vikiwa sawa, kadre imenyooka. Vikitofautiana sana, imepinda. Wanafunzi wetu wa darasa la sita wanafanya hesabu hii bila shida.

4. Kama baiskeli ina magurudumu, mwagia mipira maji na isukume moja kwa moja kwenye sakafu kavu. Alama ya nyuma ifuate alama ya mbele. Kama zinakwenda njia mbili, kadre, foku au gurudumu limepinda.

5. Angalia nafasi inayoshika ekseli ya nyuma. Hapa wengi wanakosea. Baiskeli ya gia moja haina kifaa cha kuvuta mnyororo ukilegea. Unaukaza kwa kurudisha gurudumu nyuma. Kwa hiyo nafasi ile iwe ndefu, ya kulala. Kadre nyingi za VTT za vitesi zina nafasi iliyosimama wima, gurudumu haliwezi kusogea. Ukitaka kuigeuza iwe ya gia moja, mnyororo utalegea na kuruka kila siku.

6. Pima urefu. Simama juu ya bomba la katikati, miguu yote chini. Bomba likikugusa, ni kubwa kwako. Na kama mama atakuwa anaitumia na kitenge chake, fikirieni kadre yenye bomba la chini.

Msinunue jina. Phoenix ni ya Shanghai, China. Hero na Avon ni za Ludhiana, India. Zote zimefanya kazi kubwa Afrika Mashariki. Lakini karatasi ya jina inabandikwa popote, hata kwenye kadre iliyokufa. Na fundi akikuambia atachomelea friwili iliyoisha, kataa. Pedali zitazunguka muda wote gurudumu likizunguka, na kwenye mteremko zitakushinda miguu.

KARATASI NI MUHIMU

Tafuta namba iliyogongwa kwenye kadre, chini ya kiti au chini ya pedali. Ikiwa imekwanguliwa, ondoka, hata kama bei ni nzuri. Huenda ni ya wizi, na sisi wakimbizi hatuna nguvu ya kujieleza barabarani. Omba risiti yenye namba ile, tarehe, na jina la muuzaji, na shahidi aweke sahihi.

Mkifika Bujumbura, ulizeni Buyenzi, mtaa unaojulikana kwa Kiswahili chake na kwa mafundi wake. Soko kuu la katikati ya mji liliungua tarehe 27 Januari 2013, biashara ikatawanyika kwenye masoko mengine, kama lile la Ruvumera hapo hapo Buyenzi. Tena kumbukeni kwamba Machi 2022 baiskeli, pikipiki na tuktuk zilikatazwa kuingia katikati ya mji. Kabla ya kupanda na kuondoka, waulizeni wenyeji njia zinazoruhusiwa.

TULIPORUDI MARA YA PILI

Familia zile tatu zilituamini tena, jambo ambalo hatukulistahili. Safari hii tulinunua kadre tupu, yenye kutu juu juu, mabomba yamenyooka. Uzi ulitoa kipimo sawa pande zote. Watu wa kwenye gari walitucheka, "Walimu wamenunua chuma chakavu!" Tuliifunga kidogo kidogo: foku kwanza, magurudumu mwezi uliofuata, breki za mbele na nyuma kabla ya kengele. Ilichukua miezi mitano.

Haing'ai. Lakini usiku mmoja wa mvua ilimbeba mtoto mwenye homa kali hadi kituo cha afya, akafika kwa wakati. Aliyeisukuma ni yule kijana wa mkono.

Uzi, rula na sumaku tumevitundika shuleni, mlangoni mwa darasa la sita. Familia inayokwenda kununua ije kuviazima bure. Mkipenda, njooni na kijana wenu Jumamosi mchana, tutamwonyesha kupima kwa kutumia baiskeli yetu. Mrudishe tu sumaku, jamani, ni moja.